Olduvai si mafuvu tu: matabaka ya udongo na utalii wa miamba



Wengi wetu tukisikia Olduvai tunakumbuka somo la historia: Mary Leakey, fuvu la Zinjanthropus, 1959, mtihani umeisha. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku niliposimama ukingoni mwa lile korongo. Muongozaji alituonyesha mistari ya udongo ukutani: kijivu, mweupe, halafu mwekundu kabisa. Watu wakapiga picha, wakarudi garini kuwahi simba kreta. Nikajiuliza, hivi hii mistari ndo inapitwa hivi hivi? Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

MISTARI INASEMA NINI?

Korongo lina urefu wa kilomita 48 hivi na kina cha mita 90 hivi. Matabaka yake yamelala kwa mpangilio, ya zamani chini na mapya juu, na ya chini kabisa yana umri wa karibu miaka milioni 2. Wakati ule palikuwa na ziwa la magadi, kama Natron ya leo. Mvua zikizidi ziwa linapanuka, ukame ukija linasinyaa. Tope la kila kipindi lilibaki chini kama kumbukumbu.

Mfano: mifupa ya heroe imepatikana humo, kwa hiyo maji yalikuwa ya magadi. Nta ya majani ya kale iliyobaki kwenye tope inaonyesha miti na nyasi vikipokezana, tena kwa mizunguko inayofuata jinsi dunia inavyoyumba kwenye mhimili wake, miaka 20,000 hivi kwa mzunguko. Hata mawe ya gumegume yaliyojijenga ndani ya ziwa yalikuwa yanabaki wazi maji yakishuka, na watu wa kale wakayaokota kutengenezea zana. Yaani ukame wao ndio uliokuwa duka lao la vifaa!

UMRI UNAJULIKANAJE?

Volkano za jirani zilikuwa zikimwaga majivu katikati ya matabaka. Majivu hayo yana madini ya potasiamu, ambayo kidogo kidogo hugeuka gesi ya agoni. Pima gesi, unapata umri. Njia hii ilitumika Olduvai 1961 na kushangaza dunia. Mwaka 2014 watafiti walitoboa chini zaidi, zaidi ya mita 200, kutafuta kumbukumbu za nyuma zaidi.

UTALII WA MIAMBA NI UPI?

Ni utalii ambao mgeni anakuja kuisoma ardhi yenyewe. Aprili 2018 UNESCO ilitambua jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, ya kwanza kusini mwa Sahara. Hadhi hiyo hukaguliwa upya kila baada ya miaka minne, na sharti mojawapo ni wenyeji washirikishwe na wanufaike. Hapo ndo penye kazi. Tangu 2022 serikali imekuwa ikihamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni hiari, wapo Wamaasai waliopinga mpaka mahakamani. Kwa maoni yangu, huwezi kuuza jina la Oldupai, ambalo ni la Kimaasai la mkonge pori unaoota pale, huku mwenye jina akiwa hana sauti.

UENDELEVU UANZIE WAPI?

Mmomonyoko ndio uliotufungulia korongo, na ndio unaolila kila msimu wa mvua. Miguu yetu inauongezea kasi. Nakiri, siku ile niliinama kuokota kijiwe kizuri nikaweke mezani nyumbani. Muongozaji akaniambia taratibu, "Kaka, hilo likitoka hapo halina hadithi tena." Nikalirudisha kwa aibu. Kweli, jiwe lisilojulikana limetoka tabaka gani halisemi kitu.

Tuna mfano mzuri hapo hapo jirani. Nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.66, zilifukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha zikafukiwa tena ili zidumu. Mgeni anaonyeshwa nakala kwenye makumbusho ya Olduvai, na bado anashangaa.

Kwa hiyo mimi naona mambo manne: njia maalumu za kutembea, zisizopita juu ya matabaka; vijana wa vijijini wafundishwe kuisoma mistari na walipwe kwa ujuzi huo; maelezo ya Kiswahili na Kimaasai, si Kiingereza peke yake; na wanafunzi wetu wapelekwe kwa bei wanayoimudu. Mnyama akipungua anaweza kuzaliana. Tabaka likimomonyoka, limekwenda moja kwa moja.

Wadau mliowahi kufika, mlielezwa nini kuhusu ile mistari? Na nyie wa Karatu na Loliondo, hela ya wageni mnaiona? Mwageni maoni.