Hondohondo Wawili wa Amani

Katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, wanaishi hondohondo wa aina mbili wenye manyoya meusi na meupe. Watofautishe hivi:

Hondohondo mashavu-fedha (*Bycanistes brevis*)
Ni mkubwa zaidi. Kifua ni cheusi hadi tumboni. Arukapo, mabawa kwa juu ni meusi tupu. Dume ana pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo.

Hondohondo tarumbeta (*Bycanistes bucinator*)
Tumbo ni jeupe. Mabawa yana ukingo mweupe kwa nyuma. Hulia kama mtoto mchanga.

Wote hula matunda na kusambaza mbegu msituni. Jike hutaga akiwa amejiziba ndani ya tundu la mti mkubwa, akilishwa na dume. Tuitunze miti hiyo.