Warfarini

Warfarini ni dawa ya kumeza inayozuia damu kuganda. Hupewa wenye bonge la damu kwenye mshipa wa mguu au pafuni, wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na waliowekewa vali bandia za moyo. Afrika Mashariki wengi wa kundi hili la mwisho ni vijana, ambao vali zao ziliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi.

Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikufa kwa kuvuja damu baada ya kulishwa majani ya klova yaliyoota ukungu. Kukatwa pembe tu kulitosha kumuua mnyama. Mwaka 1933 mfugaji wa Wisconsin alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link debe la damu isiyoganda. Utafiti uliofuata ulizaa warfarini, ikauzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948. Ruhusa ya kutibu watu ilikuja 1954.

Ini huhitaji vitamini K ili kukamilisha protini nne za kugandisha damu. Vitamini hiyo ikishatumika hurejeshewa nguvu na kimeng'enya maalumu, nacho ndicho warfarini hukizuia. Ini huendelea kutoa protini, ila haziwezi kushika kalsiamu, kwa hiyo hazifanyi kazi. Zile nzima zilizokwishaingia damuni haziguswi, na ndiyo sababu dawa huchukua siku kadhaa kufikia nguvu yake kamili.

Nguvu yake hupimwa kwa INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ambayo kwa wagonjwa wengi hutakiwa kuwa 2 hadi 3. Ikipanda mno, mara nyingi kuna dawa nyingine iliyoongezwa: metronidazoli, kotrimoksazoli na flukonazoli hulizuia ini kuivunja warfarini. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, kwa hiyo dozi huongezwa. Hatari huja matibabu ya kifua kikuu yanapokwisha na dozi ikaachwa ilivyo. Aspirini na diklofenaki huchubua tumbo na kudhoofisha chembe sahani, hivyo mtu aweza kuvuja damu hata INR ikiwa sawa. Mchicha na kisamvu havikatazwi; kinachotakiwa ni kuvila kwa kiasi kisichobadilika-badilika.

Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au kichwa kuuma sana baada ya kuanguka ni sababu ya kwenda hospitali papo hapo. Vitamini K hurudisha ugandaji, lakini ini huhitaji saa kadhaa kutengeneza protini mpya. Kwa anayevuja damu kichwani muda huo ni mrefu mno, kwa hiyo huongezewa plazma, yenye protini zilizokwisha kukamilika.