Bangi fupi inayochanua haraka: sifa zake, na udongo wa Kolwezi

Bangi ni moja, lakini majina ni mingi: wengine wanasema diamba, wengine chanvre. Kwenye intaneti, wauza mbegu wa ng'ambo wanasifu aina moja fupi ambayo ni "indika zaidi" na "inachanua yenyewe". Maneno hayo yana maana gani, na hapa kwetu Lualaba yanabadilisha nini?

Wazazi wawili

Jina indika lilitolewa na Mfaransa Lamarck mwaka 1785, kwa mimea iliyotoka India. Leo wauzaji wanalitumia kwa mmea mfupi wenye asili ya upande wa Afghanistan na Pakistan: majani mapana, matawi mengi, maua yaliyoshikana.

Mzazi wa pili ni ruderali, bangi ya porini iliyopewa jina na Mrusi Janischewsky mwaka 1924. Kule joto ni la muda mfupi, kwa hiyo mmea hauna nafasi ya kusubiri. Ukifika umri wake, unachanua. Peke yake hauna nguvu sana. Njo maana wakaichanganya na indika. Mtoto wao anachanua kwenye wiki ya 3 hadi ya 5, na mara nyingi hapiti mita moja.

Sifa ya nchi za mbali

Bangi ya kawaida inasubiri usiku urefuke ndipo ichanue. Kaskazini mwa Ulaya, ambako siku za joto zinapita saa 16 za mwanga, kutosubiri ni faida. Lakini Kolwezi iko karibu digrii 11 kusini mwa ikweta: mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Sifa hiyo kubwa, hapa ni ndogo.

Usingizi wa "indika"

Wanasema indika inalegeza mwili. Wachunguzi wa jeni wameona kwamba jina halitabiri vizuri kilicho ndani. Kinacholevya ni THC, na kipimo chake hakionekani kwa macho. Kwa ba creuseur anayeshuka shimoni, akili ikichelewa kidogo tu, inatosha kuleta ajali.

Mizizi inakula nini?

Hapa njo kwenye shida yetu zaidi. Mizizi ya bangi inavuta metali za udongoni kama kadmiamu, risasi na shaba. Kwa sababu hiyo mimea ya jamii yake ilijaribiwa kusafisha udongo karibu na Chernobyl. Metali haziishii kwenye mizizi: nyingine zinapanda mpaka majani na maua, na kadmiamu ikichomwa inaingia mapafuni pamoja na moshi. Mmea kukomaa haraka si dawa ya udongo mchafu.

Kwamba metali zinafika mwilini, Kolwezi inajua. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kazi yao juu ya Kasulo, mtaa ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa wakaaji, na kwa watoto ilizidi.

Sheria inakataza bangi, na mengi tunayoyasikia juu yake yanaishia hapo. Lakini swali la udongo linamgusa hata asiyevuta. Mama anayepanda lenga-lenga karibu na mabaki ya mgodi, aulize kwanza: udongo huu, na maji haya, vimetoka wapi?