Utawanyaji wa Mbegu, si Usambazaji

Ukikuta maneno "usambazaji wa mbegu" gazetini, mara nyingi habari ni ya mahindi: mawakala, ruzuku, wakulima wanaosubiri msimu. Vitabu vya baiolojia navyo huyatumia kwa jambo jingine kabisa, yaani mbegu kuondoka kwenye mti mama na kufika mahali pa kuotea. Kwa maana hii ya pili tushike utawanyaji wa mbegu. Kutawanya ni kuvitenganisha vilivyokuwa pamoja, na hapo ndipo penye uhai wa msitu.

Chukua tunda la bungo. Ukilipasua, kila mbegu imevikwa nyama ya rangi ya chungwa, chachu, isiyobanduka. Unguja na Pemba watu huimumunya kwa sukari na chumvi, au huitengenezea juisi. Sokwe wa Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, hawahangaiki kuibandua: humeza nyama na mbegu pamoja. Nyama humeng'enywa, mbegu hutoka nzima kinyesini, na kufikia hapo sokwe keshatembea, pengine keshavuka bonde.

Umbali huo una faida kubwa. Mbegu zikirundikana chini ya mama yao, panya, wadudu na kuvu huzimaliza. Daniel Janzen mwaka 1970, na Joseph Connell mwaka 1971, walieleza kwamba hasara hiyo ndiyo inayozuia aina moja ya mti isiutawale msitu wa tropiki.

Si kila mla tunda ni mtawanyaji wa aina hiyo. Kima ana vifuko mashavuni. Huvijaza matunda, husogea kidogo, kisha hutema mbegu mojamoja, nyingine palepale chini ya mti. Mbega akila mbegu huzisaga, kwa hiyo kwa mbegu hizo yeye ni mlaji tu.

Kitenzi kutawanya kina faida nyingine: kinatupa pia neno mtawanyiko, yaani jinsi mbegu zilivyokaa ardhini baada ya kazi kwisha. Utawanyaji ni tendo lenyewe. Mtawanyiko ni matokeo yake, nao hupimwa kwa futi ya kamba. Ni rahisi kuyachanganya mawili haya. Msitu ambao sokwe wake wamewindwa wakaisha unaweza kubaki mnene kwa miaka mingi, huku mtawanyiko wa mbegu kubwa, zile zisizopita kooni mwa ndege wengi wala kima, ukizidi kubana kuizunguka miti mama.