Bunduki na kituo cha kura: Sheria yasemaje?

LESENI ya bunduki haimpi raia ruhusa ya kuwatisha wapiga kura. Kinga hiyo hutokana na sheria kadhaa zinazoshikana, nazo hutumika sawa katika foleni za mji wa Kitengela, eneobunge la Kajiado Mashariki, na katika vituo vya mbali malishoni.

Msingi ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 81 chataka uchaguzi usiwe na ghasia, vitisho, ushawishi usiofaa wala ufisadi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 yamtia hatiani anayetumia nguvu au vitisho dhidi ya mpiga kura.

Chini ya Sheria ya Bunduki (Sura ya 114), raia hawezi kumiliki silaha bila cheti, nacho chaweza kufutwa mwenyewe akionekana hafai kuaminiwa nayo. Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63) humwadhibu anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu.

Maadili ya uchaguzi, yaliyomo katika Sheria ya Uchaguzi ya 2011, yawataka vyama na wawaniaji wahakikishe hakuna silaha ya aina yoyote inayobebwa katika mikutano na maandamano ya kisiasa. Kajiado, agizo hilo lina uzito wake: simi na rungu, ambavyo mfugaji huenda navyo malishoni, havina nafasi mkutanoni.

Ndani ya kituo, mwenye amri ni afisa msimamizi. Kanuni za Uchaguzi za 2012 humwezesha kuamua nani aingie na kuagiza mvurugaji aondolewe. Polisi wa zamu huwapo kulinda usalama. Kifungu cha 239 chawakataza kuegemea upande wowote.

Tahadhari hii ina sababu. Tume ya Jaji Philip Waki ilipata kuwa watu 1,133 waliuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, 405 kati yao kwa risasi. Agosti 9, 2022, siku ya kura, mtu mmoja aliuawa kwa risasi nje ya kituo cha Chebukwabi, Kimilili, kaunti ya Bungoma.

Kwa hivyo, anayemwona mtu akionyesha bastola karibu na foleni asibishane naye. Amwarifu afisa msimamizi au polisi wa zamu, kisha apige kura yake.