Nguo za kielektroniki za afya

Nguo za kielektroniki za afya ni mavazi ambayo kitambaa chenyewe, au vihisi vilivyoshonewa ndani yake, hupima hali ya mwili wa mvaaji: mapigo ya moyo, joto na upumuaji. Zinaizidi saa ya mkononi kwa jambo moja kubwa: zinakaa kifuani na mgongoni, mahali ambapo mapafu husikika.

Msingi wake ni uzi unaopitisha umeme. Nailoni hupakwa madini ya fedha, au nyuzi za chuma kisichoshika kutu husokotwa pamoja na pamba. Ukanda wa uzi huo ukizungushwa kifuani hutanuka mtu anapovuta pumzi na kunywea anapoitoa. Kila mtanuko hubadilisha ukinzani wa umeme, na kidude chenye betri hugeuza mabadiliko hayo kuwa hesabu ya pumzi. Nguo hizi huharibika zaidi kwenye maungio, pale uzi laini unapokutana na chombo kigumu. Kufua nako hula ile fedha, hasa nguo ikifikichwa.

Mojawapo ya kazi za mwanzo ni shati lililobuniwa Georgia Tech, Marekani, kuanzia 1996 chini ya Sundaresan Jayaraman, kwa ufadhili wa jeshi la majini. Lilikusudiwa kuonyesha askari amepigwa risasi sehemu gani ya mwili.

Afrika Mashariki, mfano unaojulikana zaidi ulitoka Uganda. Olivia Koburongo alipata wazo la nguo ya kugundua nimonia baada ya bibi yake kuzungushwa hospitali hadi hospitali kabla ya kugunduliwa kwamba ana nimonia, wakati ambapo muda wa kumwokoa ulikuwa umekwisha kupita. Pamoja na Brian Turyabagye, mhitimu wa uhandisi wa mawasiliano wa Chuo Kikuu cha Makerere, alitengeneza koti liitwalo Mama-Ope, yaani tumaini la mama. Mtoto huvalishwa koti, vihisi vikasikiliza mapafu, vikapima joto na kasi ya pumzi, kisha taarifa zikatumwa kwa Bluetooth kwenye simu, ambako programu huzichambua. Mwaka 2017 koti hilo liliteuliwa miongoni mwa washindani wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Wabunifu walisema linagundua nimonia mara tatu hadi nne haraka kuliko daktari. Haraka ni jambo jema, lakini swali zito zaidi ni usahihi, maana nimonia na malaria kwa mtoto hufanana: homa, pumzi za mbiombio, unyonge.

Ili kuona jinsi koti kama hilo lingefanya kazi vijijini, tuchukue mfano wa Nyamitaba, katika chefferie (eneo la kichifu) ya Bashali, Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo: milima, baridi, na wakazi ambao vita vimewahamisha mara nyingi. Bluetooth haihitaji mtandao wa simu, na hiyo ni faida ya kweli huko. Hata hivyo koti moja linapovalishwa watoto wengi kwa siku lazima lisafishwe kila mara, lisije likahamisha upele au kikohozi chenyewe. Lazima pia limkae mtoto wa miezi mitatu na wa miaka minne. Betri inahitaji umeme wa jua. Tena simu yenye majina ya wagonjwa ikinyang'anywa kwenye kizuizi cha barabarani, siri zao zimekwenda nayo. Jambo hili wabunifu wa mijini hulisahau.

Njia ya kutambua nimonia ambayo koti linataka kuiboresha ni rahisi sana. Mama hupandisha shati la mtoto, na mhudumu wa afya wa jamii huhesabu kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Mtoto akilia au akinyonya, hesabu huanza upya. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye kikohozi hudhaniwa kuwa na nimonia akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi akiwa na miezi 12 hadi 59. Dawa yake ya kwanza ni amoksilini, ambayo kwa watoto hutolewa kwa vidonge vinavyoyeyuka majini. Kwa kituo cha afya chenye bajeti ndogo, vidonge hivyo vinastahili kununuliwa kabla ya koti lolote.