Shahidi Ndani ya Mtungi

Msomaji wangu, maji ununuayo kwa mtungi katika Kisumu Ndogo, mtaani Kibera, yaweza kung'aa na bado yasiwe safi. Nani atakuwa shahidi? Mwaka 1961, mjini Paris, François Jacob na Jacques Monod walieleza jinsi bakteria mmoja wa matumboni aundavyo kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa pale tu aipatapo. Vinginevyo jeni yake hulala. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1965. Baadaye wataalamu waliifanya jeni hiyo mpiga mbiu: huiunganisha na jeni nyingine, na rangi ya buluu huwajulisha kwamba hiyo nyingine imeamka. Wapimaji wa maji nao hukitumia kimeng'enya hicho: hutia dawa, huyaweka maji penye joto kwa siku moja, na yakigeuka manjano, wamo bakteria wa jamii hiyo. Basi usiyaamini macho, chemsha.